Fomu ya Dubai

Fomu imekuja kutoka Dubai, kurasa mbili,
kwa meneja wa duka, yaani mimi, Ghaniya,
Mabela, nyuma ya kituo cha petroli,
baina ya fundi mapazia na kinyozi.
Wanauliza: toleo jipya limeuzwaje?
Limeuzwa. Saa sita usiku foleni imefika kwa kinyozi,
joto bado thelathini na nane,
na kila atokaye mlangoni miwani yake inaingia ukungu
anapapasa ngazi kama kipofu, diski kaikumbatia.

Wanauliza: mnunuzi ni nani?
Wameweka visanduku. Mwanamume.
Kumi na minane hadi ishirini na minne.
Nimetia alama, maana Azzan yumo,
mhandisi wa mafuta asiye na mafuta,
mwaka wa tatu anasubiri ujumbe wa wizara,
simu anakwenda nayo hadi kutawadha.

Lakini Bijoy hana kisanduku.
Mhasibu wa saruji, miaka arubaini na tisa,
binti yake amemwona mara nne tangu azaliwe.
Alinunua mbili: moja yake, moja ya kutuma Kochi,
ili Ijumaa mtoto ampige risasi ya kisogo
na yeye, kesha kufa, akisikilize vizuri kile kicheko,
kwani maiti hana kazi nyingine.

Na Thuwaiba, muuguzi wa zamu ya usiku,
hunambia, “Ya mwanangu hii.”
Mwanawe ana miezi saba.
Mficha uchi hazai, wanasema;
huyu kazaa, na bado anaficha.
Namfungia kwa karatasi ya zawadi, utepe juu.

Wanauliza: kwa nini kila mwaka wananunua bunduki ileile?
Hapo wameacha mistari mitatu.
Ningesema: wenzao wamehama,
ukibaki kwenye la zamani unazunguka mji mtupu
unasikia viatu vyako.
Ningesema: Julai uwanja wa mpira unayeyusha soli.
Ningesema: ukipigwa, unaonyeshwa aliyekupiga,
jina lake na dirisha alilojificha.
Ofisini nani kapata kuonyeshwa hivyo?

Kisha juzi akaja Bwana Musallam,
mwanajeshi mstaafu, kubadilisha diski ya mpwa wake.
Akasimama mbele ya skrini ya maonyesho, mikono nyuma.
“Hawa wanakunywa maji saa ngapi?”
Nikamwambia hawanywi.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza.
“Sisi kule milima ya Dhofari
vita vyetu vilikuwa kungoja punda wa maji.
Siku kumi na moja. Risasi nilipiga mbili,
na moja ilinitoka kwa bahati mbaya.
Ukiuza gemu la punda, atanunua nani?”
Hakuna, nikasema.
Akahesabu chenji yake mara mbili, akaenda.

Toka siku ile foleni naiona vingine.
Wote wanangoja: viza, alfajiri ya wodini,
wizara, mtoto anayekulia ng'ambo ya maji.
Wanatoa riali ishirini na saba
wapate vita vilivyotolewa kungoja,
kama tende iliyotolewa kokwa.
Unakufa, unahesabu tatu, unarudi.
Tatu!
Azzan ameshapita elfu moja.

Ila Dubai hawataki habari za punda.
Kwenye mistari yao nimeandika:
picha safi, bei si mbaya.

Limebaki swali la mwisho:
je, wewe mwenyewe unacheza?
Nimeliruka, nimegonga muhuri.
Saa saba na robo. Shata nimeteremsha,
kiyoyozi nimekiacha, na skrini moja.
Bijoy keshaingia. Thuwaiba yumo, leo hana zamu.
Azzan ananiandikia:
tumepungua mmoja, Ghaniya,
tunakungoja.